"Mama Nesi, Yule si Mwenzao"

Akina mama wenzangu, ni mara ngapi mtoto amekuja mbio na habari ya kitu alichokiona, nasi tukamjibu haraka kwa sababu mboga iko jikoni? Watoto wetu huona mengi kuliko tunavyodhani. Ndege mmoja alinithibitishia jambo hilo.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Tulitoka Iguguno na watoto wa Shule ya Jumapili, tukaenda Singida mjini kutembea kando ya Ziwa Singidani, lile ziwa la maji ya chumvi. Shakwe wapatao 40 walikuwa wametua ufukweni. Wengi hudhani shakwe ni ndege wa pwani tu, lakini shakwe kichwa-kijivu huishi na kuzaliana kwenye maziwa ya bara pia. Aliyekomaa ana mdomo mwekundu, miguu myekundu na jicho jeupe kali, utafikiri amekasirika.

Kijana mmoja wa miaka 10 akanivuta mkono. "Mama nesi, yule si mwenzao."

Wenzake wakamcheka. "Ni mtoto wao tu!"

Nao walikuwa na sababu. Ndege yule alikuwa na mabaka ya kahawia mabawani, mstari mweusi mwishoni mwa mkia, na doa jeusi nyuma ya jicho. Shakwe kichwa-kijivu wachanga hufanana sana na hivyo, na macho yao huwa bado meusi. Rangi hizo peke yake zisingeweza kutoa jibu.

Katika kazi yangu ya uuguzi nimezoea kutokata shauri kwa dalili moja, maana homa ni ya magonjwa mengi. Nikamwuliza kijana, "Umeona nini kingine?" Akasema ni mdogo kuliko wenzake, na mdomo wake ni mfupi na mwembamba. Tukafungua kitabu cha ndege nilichokuwa nimeazima, tukaona kwamba alama ya kutegemea iko kwenye bawa. Basi tukangoja aruke. Kuwanyamazisha watoto 20 kwa robo saa si kazi ndogo!

Aliporuka tuliona sote: ukingo wa mbele wa bawa, kuelekea nchani, ulikuwa mweupe. Bawa la kichwa-kijivu ni jeusi kwa sehemu kubwa ya ncha yake. Huyu alikuwa shakwe kichwa-cheusi, aliyezaliwa mwaka uliotangulia huko Ulaya au Asia, akaja kwetu kukimbia baridi. Jina lake nalo hudanganya, kwa kuwa kofia yake ni ya kahawia iliyokolea, na wakubwa huivaa wakati wa kuzaliana tu.

Wale waliocheka wakanyamaza. Kijana hakujigamba, alitabasamu tu. Kama tungemwambia, "Acha ubishi," tusingejua kwamba mgeni wa mbali alikuwa mbele yetu, na yeye labda asingetuambia tena alichokiona.

Mama mpenzi, nyumbani kuna mambo makubwa kuliko ndege. Siku mtoto wako atakapokuambia, "Mama, mdogo wangu leo hachezi kama jana," usimjibu kwamba ni meno tu yanaota. Mwulize ameona nini kingine. Kisha weka mwiko chini, nenda ukamtazame mwenyewe, na ukiona hayuko sawa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.