Asumini, Mwarobaini na Chupa ya Soda



Nyumba zetu nyingi, ziwe za mwambao au za huku Chala chini ya Kilimanjaro, hazikosi kopo la mrehani au mche wa asumini barazani. Mimea hii tunaichuma kwa mikono mitupu, tunaifunga vikuba na kuilaza karibu na mito ya vitanda vyetu. Kwa hiyo inapovamiwa na wadudu, swali la kwanza si dawa ipi ni kali zaidi, bali ni nani aishiye karibu na kopo lile.

Kiangazi kilichopita asumini yetu ilishikwa na wadudu weupe mithili ya pamba. Kijana mmoja alimaye nyanya upande wa Taveta, kwa wema wake, akatuletea masalio ya dawa ya shambani ndani ya chupa ya soda. Tulimshukuru, kisha tukamwomba airudishe pale pale. Mjukuu wetu wa miaka minne alikuwa amekwisha nyoosha mkono kuiomba hiyo soda. Mtoto ataonywa na nini, nayo chupa inamwambia kuwa ndani mna kinywaji?

Tulianza na sisimizi. Hao hunywa majimaji matamu yatokayo kwa wadudu wale, na kwa ajili ya utamu huo huwafukuza maadui zao. Tuliliweka kopo juu ya jiwe ndani ya sahani ya maji, sisimizi wakakosa njia. Kisha tukawafuta wadudu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, hasa chini ya majani, maana sabuni humuua yule tu imgusaye.

Baada ya hapo tukautumia mwarobaini. Mwaka 1959, huko Sudan, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila mimea yote na kuuacha mwarobaini. Tangu hapo wataalamu wameuchunguza sana, wakiwemo wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo.

Twanga gramu 50 za kokwa kavu, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, kisha tia sabuni kidogo. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Lisipoungua, nyunyiza mche wote jioni, kwani jua huiondolea dawa nguvu. Rudia baada ya siku saba. Usitarajie kuona mizoga papo hapo: mwarobaini humzuia mdudu kula na kujivua gamba, hivyo kizazi chake hudhoofika polepole. Asumini yetu ilihitaji wiki tatu.

Hata hivyo, kitokacho mtini nacho si cha kuchezewa. Dawa hii isinywewe, isiachwe mahali watoto wanapofikia, wala isitiwe katika chombo cha kinywaji. Mrehani wa kutia chakulani uoshwe vyema.

Dini yetu imetukataza kudhuru na kudhuriana. Tunaona katazo hilo linaingia hadi barazani: ua likifa tutapanda jingine, mtoto hatuna wa badala yake.

Wabillahi tawfiq.