Mkono wa Gia Uliosema P

Sisi tukaao Kasumbalesa twaona kila siku jambo ambalo wengine hulisikia tu. Dereva atokaye Zambia amezoea kushika upande wa kushoto wa barabara. Akiisha kuvuka mpaka, hana budi kuhamia kulia. Ni hatua chache tu, lakini desturi yote ya mkono na jicho imekwisha kugeuzwa. Magari nayo huja vivyo hivyo. Mengi yaliundwa Japani, usukani wake uko kulia, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma na kuikata Zambia nzima, hata yakaingia katika nchi ambayo sheria yake ni kuendesha kulia. Basi mafundi wa mji huu wamekuwa kama wakalimani. Kazi yao ni kuchukua kiungo kilichofanyizwa kwa ajili ya mwili mmoja na kukitia katika mwili mwingine, na mara nyingi hufaulu kwa namna ya kustaajabisha.

Vijana wapenzi, twataka kuwasimulia kazi moja ya namna hiyo, kwa kuwa wanne miongoni mwenu waliishiriki kwa mikono yao.

Mama mmoja mjane wa mtaa wetu ana Toyota Crown nyeupe ya miaka ya 1970, urithi wa marehemu mumewe. Gari hilo hukodishwa kwa arusi, na wakati mwingine huwapeleka wagonjwa Lubumbashi, safari ya kilomita zipatazo 90. Ndilo shamba lake na ndilo duka lake. Giaboksi yake ya otomatiki, yenye gia tatu, ilikuwa imechoka kabisa, na kuipata nyingine ya aina ile ile ni kama kutafuta sindano katika majani. Kijana wake akanunua giaboksi ya gia nne iliyotolewa katika Toyota nyingine changa zaidi. Shauri hilo lilikuwa jema, maana gia ya nne hupunguza mizunguko ya injini katika barabara ndefu na kuokoa mafuta. Karakana moja ikaifunga. Gari likawaka, likaenda mbele, likarudi nyuma. Fundi akasema kazi imekwisha.

Mama hakuridhika. Alituambia, “Mwalimu, gari linatembea, lakini mkono wa gia unanidanganya.” Hakuweza kueleza zaidi ya hapo. Nasi, kwa kuwa tulisomea ualimu wala si ufundi, tulikwenda kwanza kusikiliza tu.

Hapa yafaa tueleze kidogo. Mkono wa gia uliosimama katikati ya viti viwili haubadilishi gia wenyewe katika gari la otomatiki. Chini yake kuna fimbo ya chuma iendayo hadi kwenye mkono mdogo ubavuni mwa giaboksi. Mkono huo mdogo husukuma vali ndani, na vali huyagawa mafuta yenye shinikizo yaende kufunga sahani za klachi hizi au zile. Ndani ya giaboksi kuna vituo: P, R, N, D, 2, L. Kila kituo kina tundu lake ambamo chuma hutulia kwa mlio mdogo. Juu, penye konsoli, kuna bamba lenye herufi zile zile na ngazi zake. Herufi ziko juu na kazi iko chini, na kinachoziunganisha ni urefu wa vipande vichache vya chuma tu.

Sasa, giaboksi mpya ilikuja na mkono wake mdogo, mrefu kuliko ule wa zamani. Mtu aliyewahi kufungua mlango mzito anajua jambo hili: ukisukuma mbali na bawaba, mkono wako husafiri mwendo mrefu na mlango hugeuka kidogo. Ndivyo ilivyokuwa. Fimbo ilikwenda mwendo wake wa siku zote, lakini mkono ule mrefu uligeuka pungufu. Fundi alikuwa ameirekebisha hata D ikakaa mahali pake barabara, na kwa sababu hiyo alidhani yote ni sawa. Lakini kila hatua ya kwenda mbali na D iliongeza upungufu, na P ndiyo iliyokuwa mbali kuliko zote upande ule. Juu, mkono ulisema P. Chini, giaboksi ilikuwa njiani, kati ya R na P.

Kijana mmoja wa kikundi chetu, anayejifunza umakanika, ndiye aliyebuni jaribio. Aliliweka gari kwenye mteremko wa ua, akatia jiwe kubwa nyuma ya gurudumu kwa nafasi ya kiganja kimoja, akasogeza mkono hadi P, akazima injini, kisha akaachia breki taratibu. Gari likajivuta pole pole na kuliegemea jiwe. Hakuna aliyesema neno. Chini ya mteremko ule ndipo wasichana wanapouzia maji ya mifuko.

P si breki. Ni ukucha wa chuma unaoingia katikati ya meno ya gurudumu lililofungwa kwenye shafti ya kutokea. Ukiingia wote, gari limefungwa. Ukigusa ncha tu, waweza kushika leo na kuteleza kesho, lori zito linapopita na kutikisa ardhi. Tena, vali ikisimama nusu njia kati ya kituo na kituo, mafuta hayafiki kwa shinikizo la kutosha, nazo sahani za klachi huteleza zikaungua.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya karakana za mpakani pekee. Katika baadhi ya magari ya Marekani ya miaka ya 1950, R iliwekwa mwisho kabisa, jirani na L. Aliyekosea kidogo alirudi nyuma akitaka kwenda mbele. Kanuni ya usalama iliyoanza kutumika huko mwaka 1968 ikaamuru N isimame kati ya gia za mbele na gia ya nyuma. Wapenzi wa Chevrolet za zamani wanaotoa giaboksi ya gia tatu na kutia ile iitwayo 700R4, iliyotokea mwaka 1982, hukuta kituo kimoja zaidi ambacho bamba la zamani halina herufi yake. Na mwaka 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari yapatayo milioni 1.1, kwa kuwa mkono wake wa gia ulirudi katikati kila ulipoachwa, na madereva walishuka wakiamini wameweka P. Mwezi Juni mwaka huo, mwigizaji Anton Yelchin, mwenye umri wa miaka 27, alibanwa na kuuawa nyumbani kwake Los Angeles na Jeep yake mwenyewe, ya aina iliyokuwa katika mwito huo. Kiwanda chenye wahandisi wengi kiasi hicho!

Kijana wa mama hakufurahia kuja kwetu. Jumamosi ilikuwa na arusi, na malipo ya awali yalikwisha kupokelewa na kutumika. “Walimu,” alisema, “nitafunga breki ya mkono na kuweka jiwe. Baba alifanya hivyo miaka yote.” Hatukumlaumu, kwani njaa ya nyumba ile twaijua. Lakini mama, aliyekuwa amekaa kimya kwenye kigoda, akamwuliza kama bwana arusi naye ataambiwa habari za jiwe. Arusi ikatafutiwa gari jingine, na fedha zikakopwa kurudishwa.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Vijana waliifungua fimbo, wakausukuma mkono mdogo nyuma hadi mwisho, ndiyo P, kisha wakaurudisha milio miwili, ndiyo N. Walihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, nasi tulipendezwa sana. Tumewafundisha walimu wengi kwamba mwanafunzi ahesabu kwanza kwa kidole kabla ya kuamini kitabu. Wakatoboa tundu jipya katika mkono mdogo, karibu zaidi na shafti, ili mwendo ule ule wa fimbo uugeuze zaidi. Tundu la kwanza lilizidisha. La pili likapatana. Fimbo ikaungwa kipande, maana giaboksi mpya ni ndefu. Mwisho, mkono wa juu ukawekwa N na kuegemezwa kidogo upande wa R, ndipo nati ikakazwa, kama kiwanda chenyewe kiagizavyo. Milio sita juu, milio sita chini.

Jambo moja lilitukasirisha. Nyaya za swichi ile inayozuia injini kuwaka isipokuwa katika P au N zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja, ili pasiwe na usumbufu. Gari liliweza kuwashwa likiwa katika D, na mtoto aliyekaa kwenye kiti akichezea ufunguo. Karakana nyingi hufanya hivyo na kuiita akili. Sisi twaona ni uvivu uliovaa koti la ufundi. Vijana walirudisha swichi, na taa ya kurudi nyuma, ambayo hutegemea swichi hiyo hiyo, ikawaka.

Imebaki swichi ya gia ya nne, ambayo katika Toyota za namna hiyo huwa kitufe kwenye mkono wa gia. Mkono wa Crown hauna kitufe, na mama hataki utobolewe, kwa kuwa mumewe aliushika miaka mingi. Kwa sasa swichi ndogo imefungwa chini ya redio.

Tulilijaribu tena gari kwenye mteremko ule ule. Lilisimama. Kijana wa mama alilisukuma kwa bega, kisha akawaita wenzake wawili nao wakasukuma, halikutoka. Hata hivyo, jioni tulipokuwa tukiaga, alikwenda kuliokota jiwe la baba yake, akaliweka nyuma ya gurudumu.