Kabla ya kusema mtoto ana akili nzito, kagua kompyuta

Mzazi anayemnunulia mtoto kompyuta ya mtumba hukagua mambo mawili: kama inawaka na kama betri inakaa na chaji. Ni wachache wanaouliza inafanya nini wakati mtoto hajaigusa. Hapo ndipo ugomvi fulani wa nyumbani huanzia, na anayebeba lawama mara nyingi ni mtoto.

Familia moja ya Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, ililijua hilo baada ya wiki kadhaa za manung'uniko. Fedha za alizeti zilikuwa zimenunua kompyuta mpakato iliyotumika, yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Kijana wao wa miaka 17 alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Asubuhi alikwenda shambani, usiku alijifundisha kuandika programu kwa lugha ya Python.

Alitumia Visual Studio Code, programu ya bure ya Microsoft iliyotoka mwaka 2015. Humsaidia sana anayeanza: ukiandika herufi chache inakupendekezea neno zima, na ukikosea inachora mstari mwekundu chini ya kosa. Kwake mapendekezo yalikuja baada ya sekunde kumi au hayakuja kabisa. Mstari mwekundu ulitokea akiwa amesharekebisha kosa, naye akadhani amekosea tena. Akawa anafuta kilicho sahihi.

Baba aliona taa inawaka hadi saa nane usiku, akahitimisha kwamba kijana anaangalia filamu. Mama alianza kutafuta mnunuzi wa mbuzi ili wapate kompyuta nyingine. Kijana naye akatamka neno lililomuumiza mama kuliko yote: "Mama, nadhani akili yangu haiwezi haya mambo."

Aliyelifumbua fumbo ni mtoto wa shangazi yake, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo kutoka Dodoma. Hakugusa masomo ya kijana. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka orodha ya Windows iitwayo Task Manager, inayoonyesha kila programu inayofanya kazi na kiasi cha kumbukumbu inachokula. Kumbukumbu ilikuwa karibu kujaa, diski inafanya kazi kwa asilimia 100, na kijana hajaandika hata herufi moja.

Programu ya kuzuia virusi ilikuwa inapekua diski nzima. Masasisho ya Windows yalikuwa yanashuka, tena kwa bando. Kivinjari kilikuwa na kurasa zaidi ya ishirini wazi. Na ndani ya programu yenyewe ya kuandikia, kijana alikuwa ameweka programu-jalizi kumi na nne, nyingi za lugha ambazo hajawahi kuzisoma. Juu ya hayo, badala ya kufungua folda ya somo lake, alikuwa amefungua folda kubwa yenye nyimbo, picha na filamu, hivyo programu ikawa inalinda maelfu ya mafaili yasiyomhusu.

Kwa nini basi aliweza kuchapa vizuri huku msaada ukichelewa? Kazi ya kuuelewa msimbo na kutoa mapendekezo hufanywa na programu ya pembeni iitwayo seva ya lugha, kwa utaratibu ambao Microsoft, Red Hat na Codenvy walitangaza mwaka 2016. Ikizidiwa, uchapaji hauganda. Hiyo ni faida, ila kwa mwanafunzi ni mtego: haoni kilichokwama, anajiona yeye. RAM ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole sana kuliko RAM.

Marekebisho yalichukua chini ya saa moja na hayakugharimu shilingi. Upekuzi wa virusi ulipangiwa mchana, muda kijana yuko shambani, bila kuzima ulinzi wenyewe. Programu-jalizi zilibaki tatu. Folda ya somo ikafunguliwa peke yake. Kompyuta haikugeuka mpya, lakini mapendekezo yakaanza kuja ndani ya sekunde moja au mbili. Mbuzi walibaki zizini, na baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwambia mwanawe, "Nilikuonea."

Wahudumu wa afya wana somo linalofanana na hili. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila homa inayoshukiwa kuwa malaria ipimwe kabla ya kutoa dawa, kwa sababu homa ni dalili tu. Uzito wa kompyuta nao ni dalili. Kuuza mifugo au kumwita mtoto mvivu kabla ya kupima ni kutibu usichokijua.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akilalamika, kaa naye mfungue hiyo orodha na muulizane nini kinakula kumbukumbu. Kwenye Visual Studio Code, menyu ya Help ina Process Explorer inayoonyesha vilivyo ndani ya programu hiyo. Funga kisichohitajika, kisha anzisha kompyuta upya. Ikibaki nzito, ndipo mzungumzie kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD, ambayo mara nyingi ni nafuu kuliko mashine mpya.

Na usisahau usingizi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Kijana anayesubiri mashine hadi saa nane usiku kisha anaamka alfajiri kwenda shamba atakuwa mzito kweli, na hapo hata kompyuta iliyo nyepesi haitamsaidia.