Fahali wa Kutoka 21 na Mbwa wa Pasta



Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na toba, na andiko litakuja lenyewe. Soma hadi mwisho, hata kama kwako hakuna mbwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mbwa jike, German Shepherd. Wezi walikuwa wameingia kanisani mara mbili, wakabeba spika na kinanda, na nyumba yetu iko nyuma tu ya kanisa. Watoto wakamwita Malkia. Alikuwa mbwa wa kweli. Usiku akibweka, unajua kuna mtu. Mchana watoto wa Sunday School wakimshika masikio, ametulia kama kondoo.

Jirani mmoja mwenye dume akaniambia, "Pasta, hapo umekalia pesa." Tukapatana kama watu wanavyopatana huku kwetu: dume lake limpande, yeye achague mtoto mmoja, waliobaki ni wangu. Baada ya kama siku 63, Malkia akazaa watoto saba. Nikauza sita, shilingi 15,000 kila mmoja. Shilingi 90,000! Tena ilikuwa Januari. Wewe mzazi unaijua Januari. Nikalipa karo yote, na Jumapili nikasimama madhabahuni nikashuhudia jinsi Bwana alivyofungua mlango. Kanisa likapiga vigelegele.

Mpendwa, mlango Bwana aliufungua. Lakini mimi niliung'oa na bawaba zake.

Mbwa jike hupata joto karibu kila miezi sita. Joto lililofuata, nikampeleka tena kwa dume. Lililofuata, tena. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ni nani atamuuliza mchungaji habari za mbwa wake?

Mara ya tatu alizaa tisa. Wiki ya tatu ya kunyonyesha, usiku mmoja, binti yangu akaja kunigonga mlangoni: "Baba, Malkia anatetemeka." Nikamkuta amelala ubavu, miguu imekakamaa, anahema kama aliyekimbia kilomita kumi. Mbavu zake ungezihesabu. Na wale watoto tisa bado wanang'ang'ania matiti.

Daktari wa mifugo alifika kwa bodaboda saa saba usiku. Akamdunga kalisiamu kwenye mshipa, polepole, mkono mwingine uko kifuani akisikiliza moyo. Akatueleza kwamba maziwa yanapovuta kalisiamu nyingi kutoka damuni, na mwili ukashindwa kurudisha haraka, misuli hukakamaa, na mbwa anaweza kufa usiku huohuo. Alipomaliza akaniangalia, akasema, "Pasta, huyu mbwa anakulipia karo kwa mwili wake."

Kisha akaniambia mambo matatu. Watoto nianze kuwapa maziwa kwa chupa, mama apumzike. Wasiuzwe kabla hawajafika wiki nane, na wasitoke hapa bila chanjo. Na Malkia asipandwe tena.

Nikasema, "Asante, daktari. Nimesikia." Lishike hilo neno, *nimesikia*. Tutalirudia.

Kulisha watoto tisa kwa chupa si mchezo. Maziwa yalinimaliza pesa. Walipofika wiki tano nikaanza kuwauza. Mama mmoja wa kanisa letu, mjane, akaja na kijana wake wa darasa la nne. Alikuwa ameweka akiba ya kuku na mayai kwa miezi mingi, kwa sababu kwake kulikuwa kumevunjwa pia. Akaniuliza swali moja tu: "Pasta, wamechanjwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama, wamechanjwa."

Walikuwa wamepewa dawa ya minyoo. Basi. Kichwani nilijitetea kwamba dawa ni dawa. Lakini Roho Mtakatifu hakuhitaji kamusi. Nilijua nimedanganya.

Baada ya siku kumi yule mtoto wa mbwa akaanza kutapika na kuhara damu. Ni parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa wasio na chanjo kwa siku chache. Kijana alikesha naye jikoni, akimpa maji kwa kijiko. Asubuhi ya tatu alikuwa amekufa.

Yule mama hakunilaumu. Alinipigia simu kunijulisha tu, kama unavyomjulisha mchungaji wako msiba. Akamalizia, "Ni mapenzi ya Mungu, Pasta."

Wapendwa, hapo ndipo nilipovunjika. Angenitukana ningevumilia. Lakini uongo ulikuwa wangu, na yeye akaubeba akamwekea Mungu mlangoni. Ni mara ngapi sisi tunafanya uzembe, kisha Mungu anasingiziwa?

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikachukua shilingi 15,000, nikaenda kwake. Nikamwambia ukweli mbele ya kijana wake, kwa sababu kijana ndiye aliyekesha. Mama akanyamaza muda mrefu. Akachukua pesa, akazihesabu, akazifunga kwenye leso. Akasema, "Jumapili nitakuja kanisani, Pasta. Lakini leo nenda."

Nikaenda. Kijana hakuniangalia.

Sasa fungua Kutoka 21, mstari wa 28 na 29. Soma mwenyewe. Fahali akimpiga mtu kwa pembe akafa, fahali anauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama fahali huyo alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe *aliambiwa*, naye hakumzuia, hapo hesabu inabadilika kabisa. Inamfikia mwenye fahali.

Umeona? Fahali ni yuleyule. Pembe ni zilezile. Kinachotofautisha watu hawa wawili ni kwamba mmoja aliambiwa akasema, "Nimesikia," kisha akafanya alivyotaka.

Nenda tena Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na 7. Ukikuta kiota njiani, Mungu anakuruhusu kuchukua makinda, lakini mama yao umwache aende. Mungu hakukataza watu wapate faida kwa viumbe. Aliweka mpaka: usichukue mama na watoto pamoja. Mimi nilichukua watoto, kisha nikamla na mama yao akiwa bado anapumua.

Najua mtu ataniandikia hapa chini, "Pasta, watu wana njaa, nawe unahubiri mbwa? Si hata Biblia inamtaja mbwa kwa ubaya?" Ni kweli, mara nyingi inamtaja hivyo. Lakini katika Luka 16 tajiri alipompita Lazaro mlangoni, waliosogelea vidonda vyake walikuwa mbwa. Na Yona 4 inaisha Mungu akiwahesabu wanyama wa Ninawi katika huruma yake. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Mnyama hawezi kukushtaki kwa chifu wala kwa askofu. Ndiyo maana anavyoishi kwako yanaonyesha wewe ni nani watu wasipokuona.

Na hili si jambo la mbwa peke yake. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, asilimia 99, waliambukizwa na mbwa. Watoto ndio wanaoumwa sana, maana ndio wanaocheza nao. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba. Lakini chanjo ya mbwa inazuia. Ndiyo sababu Kenya ilijiwekea mwaka 2030 kuwa lengo la kumaliza vifo hivi, na wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Kwa hiyo unapomwacha mbwa wako bila chanjo azurure usiku, unacheza na uhai wa mtoto wa jirani. Na umeambiwa. Leo nimekuambia.

Nikupe basi kazi ya kufanya, maana neno bila matendo halitamponya mtu.

*Moja.* Mpeleke mbwa achanjwe kichaa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Weka kadi mahali utaipata. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usingoje uone.

*Mbili.* Kibao cha "Mbwa Kali" getini hakitoshi. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi kutwa nzima juani, bila maji, anajifunza chuki. Mtengenezee kivuli na kibanda. Mpe maji safi, mpe nafasi ya kutembea. Kama ameshawahi kuuma, funga geti. Wewe ndiye mwenye fahali.

*Tatu.* Ukitaka kuzalisha, mpumzishe mama. Asipandwe joto lake la kwanza, mwili haujakomaa, wala asipandwe kila joto. Usimpandishe baba na binti yake, au ndugu kwa ndugu, ili tu usilipie dume. Kasoro za damu hujirudia. German Shepherd wengi hupata ugonjwa wa nyonga unaorithiwa. Daktari anaweza kupiga eksirei kabla ya kuzalisha. Kuna mtu atanunua mbwa kwako, na baada ya miaka miwili ashindwe kusimama. Utamwambia ni mapenzi ya Mungu?

*Nne.* Kama hutaki watoto, mbwa jike afungwe uzazi na dume ahasiwe. Yale magunia tunayoyakuta kando ya barabara, yana sauti ndani, mara nyingi ni watoto wa kike ambao hawakupata mnunuzi. Mtu aliwatupa kisha akaenda zake, labda hata akapitia kanisani.

*Tano.* Ukinunua, omba kumwona mama yao. Kama muuzaji anakukutanisha stejini na kijibwa ndani ya katoni, hataki uone nyumbani kwake, jiulize kuna nini huko. Na usidharau mbwa wa kienyeji. Ni mgumu, anakula chochote cha haki, na atakulindia boma. KSPCA kule Nairobi wana mbwa waliookolewa wanaotafuta nyumba.

*Sita.* Ukiulizwa, "Wamechanjwa?", jibu ukweli.

Malkia tulimfunga uzazi mwaka uleule. Aliishi miaka mingine minne, akanenepa, akawa anakoroma mlangoni wakati wa maombi ya asubuhi. Karo ya Januari ilibidi niitafute njia nyingine: nililima sukuma na kufundisha muziki jioni. Haikuwa rahisi, na mwaka mmoja tulichelewa hadi Machi. Lakini sikuwa na kitu cha kuficha kwa daktari.

Yule mama alikuja Jumapili kama alivyosema. Alikaa nyuma. Ilichukua miezi mingi kabla hajaniita tena kumwombea kijana. Sikumharakisha. Mungu husamehe siku hiyohiyo. Mwanadamu umempa jeraha, mwache lipone kwa muda wake.

Basi nikuulize, mpendwa. Ni nani aliye chini ya mkono wako asiyeweza kusema? Labda si mbwa. Labda ni punda wa kubeba maji, ng'ombe wa maziwa, msichana wa kazi, kibarua wa shamba. Ni jambo gani umeambiwa juu yake, ukasema "nimesikia," ukaendelea?

Tuombe.

Baba, umetukabidhi viumbe wako tuwatunze, nasi tumewala. Tusamehe. Tupe macho ya kuwaona kabla hawajaanguka, na kinywa cha kusema kweli hata inapotugharimu. Yule tuliyemkosea, tupe miguu ya kwenda kwake leo. Katika jina la Yesu, Amina.

Usiandike Amina tu. Angalia kwanza kama mbwa wako ana maji.

Mchungaji wenu.