Springi mpya na breki zilizodanganywa

Najua nimepotea, na najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo naomba tuingie chini ya gari, tena gari la miraa. Mnivumilie, kwa sababu hadithi yenyewe inaishia kwenye kazi yetu hii ya programu.

Kaka yangu mkubwa ana Hilux ya zamani, ya kabini moja. Hubeba miraa kutoka upande wa Maua, anapita Meru, Chuka na Embu mpaka Nairobi. Miraa haingoji mtu. Siku mbili hivi zikipita imenyauka, na bei imenyauka nayo. Kwa hiyo wapenzi wa magari wa huku kwetu hawahangaiki sana na rangi na spika. Wao huongeza springi, hufunga tairi ngumu na taa kali, na huchomelea vyuma vya kuzuia mzigo. Kijana wa Meru akikuonyesha gari alilolitengeneza, atakwambia linabeba kiasi gani na linafika Nairobi saa ngapi.

Springi za nyuma za Hilux ni vipande virefu vya chuma vilivyolaliana. Kaka alikuwa akilalamika kwamba akipakia, gari linakaa chini kama kuku anayeatamia. Nilipopata bonasi kazini Desemba nikamwambia, "Kaka, hiyo niachie mimi." Tukaenda kwa fundi mmoja Embu, akaongeza vipande viwili kila upande. Gari likasimama wima, hata likipakiwa pomoni halikushuka. Nililipiga picha nikawaonyesha wenzangu ofisini. Nilijiona mhandisi kamili!

Februari kaka akanipigia simu usiku. Alikuwa amesimama mbele kidogo ya daraja la Nithi. Anayeijua barabara ya Meru kwenda Chuka anaujua mteremko ule na kona zake. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa. Kaka aliniambia kwamba alikanyaga breki, mguu ukazama, harufu ya kuungua ikajaa kabini. Aliokolewa na gia ndogo. "Kijana," akasema, "nimemwona marehemu baba."

Mama alipopata habari alinishukuru mimi. Aliamini zile springi mpya ndizo zilizozuia gari lisipinduke. Sikumjibu.

Kilichonisumbua ni kwamba breki zilikuwa mpya. Jumamosi tukalipeleka gari kwa mzee mmoja mwenye gereji Meru. Breki za mbele zilikuwa zimeungua, za nyuma zilikuwa kama hazijawahi kutumika. Mzee akaingia chini, akaniita. "Kijana wangu, unaona hiki kijiti? Hiki ndicho kinachoziambia breki gari limebeba nini."

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika Hilux hizi za zamani kuna vali iliyofungwa kwenye chesisi, na kijiti cha chuma kinachoiunganisha na ekseli ya nyuma. Gari likiwa tupu, vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasigande na kuteleza. Likipakiwa, chesisi hushuka kuelekea ekseli, kijiti kinaisukuma vali, nayo inaruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma. Ni sensa isiyo na umeme hata kidogo. Lakini haipimi uzito. Inapima kimo cha gari, kisha inakisia uzito.

Mimi nilikuwa nimenunua springi zinazozuia gari lisishuke. Kwa hiyo vali ile, mzigo ukiwa umejaa, ilijua gari ni tupu. Breki za mbele zikafanya kazi karibu yote peke yake mteremko mzima, mpaka zikachoka. Na ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 120, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki kwa nusu. Inakuwa mara mbili na robo.

Wangapi kati yetu tumefanya hivi kwenye programu? Mtumiaji analalamika kuhusu kitu kimoja, tunakirekebisha, majaribio yote yanapita, tunashangiliwa. Kumbe kuna sehemu nyingine, iliyoandikwa na mtu asiyekuwepo tena, iliyokuwa ikitegemea ule udhaifu tuliouondoa. Gari kukaa chini halikuwa kosa tu. Lilikuwa pia ujumbe, na mimi niliufuta.

Mzee alitoa suluhisho mbili: kuinua mahali kijiti kinaposhikwa na kukirekebisha upya, au kutoa vipande vya springi. Tulifanya zote mbili, tukabakisha kipande kimoja cha ziada kila upande. Kaka alinuna. Mzigo wake umepungua, na kila safari anazihesabu pesa anazoacha Maua. Wiki mbili hakunipigia simu. Juzi alinitumia ujumbe mfupi: "Nimepita Nithi. Breki ziko." Nimeuhifadhi.

Basi, kama una pikapu uliyoiinua, au umemlipia ndugu yako aiinue, ingia chini leo ukatafute kile kijiti. Usimuulize fundi kama springi ni imara. Muulize ni nani mwingine kwenye gari hilo aliyekuwa akizisikiliza.

Kwa leo ni hayo. Hifadhidata wiki ijayo, naahidi tena!