Mchele wa Vita

Siku mama alipoambiwa kliniki kwamba ana sukari, nesi aliniandikia karatasi. Soda asinywe. Chai bila sukari. Mboga kwa wingi. Mstari wa mwisho ulisema: mchele wa brauni, siyo mweupe. Tukarudi kwa miguu mpaka Katwe, mimi nikipiga hesabu ya pesa, mama amenyamaza.

Ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali mnajua habari ya mgao, hata unapopunguzwa. Sisi wa Kampala mgao hatuna. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, na aliyechagua mji anajitegemea: kodi ya chumba, maji ya jerikeni, makaa, chakula. Mimi natembeza vitenge. Nyumbani tunapika mchele mara tatu au nne kwa juma kwa sababu unaiva upesi na watoto wanashiba.

Nikaenda Owino. Mchele mweupe uko kila pahali: Super wenye harufu, Kaiso, ule wa Pakistani. Wa brauni sikuuona. Mama mmoja muuzaji akacheka: "Huo tafuta supamaketi." Kweli niliukuta huko, pakiti ya kilo moja, karibu na asali, bei yake karibu mara mbili ya Super. Nikanunua, maana ni mama.

Jioni nikauweka kwenye sigiri. Mweupe ungeiva kwa dakika 20. Huu dakika 40 zilipita, bado unagonga meno. Nikaongeza maji, nikaongeza makaa. Yale makaa niliyoyaweka kwa chai ya asubuhi yakaisha. Mama akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Mutoto wangu, nimekukosea nini mpaka unilishe muchele wa vita?"

Hapo nikanyamaza mimi.

Mama alikulia bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi, kwenye mashamba ya mpunga. Mchele waliutwanga kwenye kinu. Ukitwanga mara ya kwanza maganda yanatoka, punje inabaki ya kahawia. Unapepeta, unatwanga tena, unapepeta, unatwanga tena, ndipo unakuwa mweupe. Mweupe ulikuwa wa mgeni, wa harusi, wa Noeli. Mwanamke aliyeweka mchele mweupe mezani aliheshimiwa, kwa sababu kila mtu alijua mikono yake imefanya kazi gani.

Tulipokimbia tulibeba mpunga kichwani. Popote tulipolala mama aliazima kinu, akatwanga mara moja tu, haraka, kabla watu hawajasikia mlio. Tulikula hivyo, wa kahawia, na maganda mengine ndani. Nilikuwa mdogo, nakumbuka njaa tu. Mama anakumbuka mchele. Na mimi nimetoa pesa nyingi kumrudishia usiku ule kwenye sahani.

Wa brauni siyo mbegu nyingine. Ni punje ileile, imetolewa ganda la nje tu. Mashine ikiendelea kuusugua, inaondoa pumba, na ndani ya pumba ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini na mafuta kidogo. Pumba zinauzwa kulisha mifugo. Jirani yetu anafuga kuku nyuma ya nyumba na anawapa hizo hizo. Kuku wake wanakula kile nesi anachotaka mama ale. Kuku ndio waliofumbua hata macho ya wataalamu: miaka ya 1890, kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wanalegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakapona. Mwaka 1929 akapewa tuzo ya Nobel.

Tuliporudi kliniki nikamwambia nesi ukweli, bei na makaa na vita. Akasikiliza. Akasema: "Wa brauni nao ni wanga. Unapandisha sukari polepole zaidi, lakini ukijaza sahani unapanda tu. Kama huuwezi, kula mweupe kidogo. Nusu ya sahani mboga, robo maharage, robo wali."

"Mbona hukusema hivyo siku ya kwanza?"

"Hukuniambia unapikia makaa."

Ni kweli, sikumwambia. Na yeye hakuniuliza.

Sasa tunafanya hivi. Nikiwa na pesa nanunua wa brauni nusu kilo. Naulowesha usiku mzima. Asubuhi nauchemsha kama dakika 20, naondoa sufuria motoni na kifuniko chake, naifunga kwa lile blanketi la kijivu tulilopewa tulipofika Uganda. Baada ya saa moja umeiva, na makaa yamebaki. Bila pesa, tunakula Super, kikombe kimoja kidogo kwa mama, na dodo na maharage vinajaza sahani.

Masharti aliyaweka mama mwenyewe. "Siku za kazi nitakula huo wako. Siku ya Mungu nataka mweupe, hata kidogo. Na mugeni akikuja, usimupe muchele wa vita, utanipatisha haya." Nimekubali. Sukari yake bado inapanda na kushuka, lakini anakula, na mezani hakuna ugomvi.

Ninyi mnaotuhudumia, ushauri wenu tunauhitaji. Ila kabla hamjaandika ule mstari wa mwisho, ulizeni mtu anapikia nini, na chakula hicho alikikula wapi mara ya mwisho. Na sisi, ndugu zangu, tusikunje karatasi na kuitia mfukoni kimya. Tuseme.