Siku ya Kupaka Rangi Boti

Nilizaliwa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yangu ni mvuvi wa ndagala, na karo yangu yote ilitoka katika boti moja ya mbao.

Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti tena, kwa hiyo boti hupumzika siku chache. Hapo ndipo huvutwa mchangani, ikalazwa ubavu, nyufa zikazibwa na upande wa chini ukapakwa rangi.

Mwaka niliomaliza sekondari baba aliugua malaria, akaniachia kazi hiyo. Ilikuwa Julai. Nilijiambia kuwa kiangazi ni kiangazi, hakuna mvua, ningoje nini? Nikaanza alfajiri. Mbao zilikuwa na umande, nikazifuta kwa kitambaa nikaona yatosha. Adhuhuri jua likawa kali. Rangi ikakauka juu huku ndani bado mbichi, ikatoa malengelenge. Alasiri upepo wa ziwani ukavuma, mchanga ukaganda juu yake.

Jioni baba alikuja akijikongoja. Hakunigombeza. Aliikwaruza rangi kwa ukucha, ikabanduka.

“Mwanangu,” akasema, “uliangalia mwezi, hukugusa mbao.”

Tulikwangua yote, tukapiga msasa upya. Kopo la pili la rangi lilinunuliwa kwa pesa za madaftari yangu. Kisha tukangoja. Kila asubuhi baba aliweka kiganja kwenye mbao, akatazama anga, akarudi nyumbani. Giza lilirejea, wenzetu wakaenda kuvua, boti yetu ikabaki nchi kavu. Niliona aibu kupita sokoni.

Siku ya tatu mbao zilikuwa kavu, anga ina mawingu mepesi, majani ya michikichi yametulia. Tulianza saa tatu, umande ukiwa umekwisha, tukamaliza kabla ya saa sita. Upepo ulipokuja alasiri, mchanga haukupata pa kushika.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Zamani nilidhani methali hiyo inawasema wavivu wa kufikiri. Sasa najua kwamba hata mwenye kufikiri anaweza kukosea, akiamini msimu na kusahau kuitazama siku yenyewe. Rangi ile ilidumu hadi kiangazi kilichofuata, na boti hiyo ndiyo iliyonilipia nauli ya kuja chuoni.